Dole Gumba la Mama Muzda

Ukiwa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, na unataka kujua nani kaingia jana kutoka Dar, nani mzigo wake umekwama bandarini, na nani kamwacha nani, usijisumbue kuuliza mapokezi ya hoteli. Panda ghorofa ya tatu, nyuma ya lile jengo la simu za jumla, uingie mgahawa wa Mama Muzda. Agiza pilau, kaa kimya. Kabla kachumbari haijafika mezani utakuwa umeshaambiwa yote, pamoja na mengine ambayo wahusika wenyewe bado hawajayajua. Jina lake ni Mwanahija, ila ni wachache wanaolitumia. Wazanzibari humwita Mama Muzda kwa jina la bintiye, watu wa bara humwita Mama Sauzi, na laobani Chen, yaani bosi Chen, mwenye duka la mabegi pale chini humwita "Mama" basi, akiamini hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Hilo la Sauzi halikutoka hewani. Mwanahija alizaliwa Morogoro. Mama yake alikuwa Mluguru, muuza vitumbua. Baba yake, Mzee Zolile, alikuwa mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini, fundi umeme katika kambi ya wenzake kule Mazimbu. Enzi hizo kwao mtu mweusi hakuwa na kura wala ruhusa ya kukaa anapopenda, na hata benchi la bustanini lilikuwa na rangi yake. Zolile alikaa Morogoro mpaka akajua Kiswahili cha kutongozea na cha kugombania bei ya nyanya. Utawala wa ubaguzi ulipoanza kuporomoka alirudi kwao, kisha akaiita familia huko Mdantsane. Mwanahija alikuwa na miaka kumi na minne, na Kixhosa chake chote kilikuwa salamu na matusi mawili.

Ndiyo maana aliiona kwa macho yake ile siku ya kwanza ya watu wote kupiga kura. Anaisimulia hadi leo, na kila mwaka anaitia chumvi kidogo. Baba yake alikuwa na hofu ya kuharibu karatasi, kwa hiyo wiki nzima alijizoeza kuchora alama ya mkasi kwenye mifuko ya unga, mpaka mkewe akauliza unga umemkosea nini. Siku ilipofika akamchukua binti yake wakasimama foleni tangu alfajiri. Mbele yao alikuwa mama wa Kizungu na mbwa wake. Jua lilipokuwa kali mbwa akataka kwenda haja, na yule mama akageuka akamwomba Zolile amshikie nafasi. Akamshikia. Mzee alilicheka jambo hilo maisha yake yote. "Nimepigana miaka ishirini na mitano," alikuwa akisema, "ili nimshikie Mzungu foleni!" Na alipotoka ndani ya kile chumba alitangaza mtaa mzima kachagua chama gani, na wenzake nao wakatangaza. Katika ukoo ule kura haikuwa siri hata kidogo, na watu waliulizana chaguo lao kama wanavyoulizana wamelalaje.

Tangu alipofikisha umri Mwanahija hajawahi kukosa. Biashara ilipomleta Guangzhou akaiweka pasipoti yake ya Sauzi mahali pakavu, na kila uchaguzi ukikaribia humwagia maji mtu yeyote anayesema kura haina maana. Basi Mungu naye akampa Muzda.

Muzda, yaani Muzdalifa, ana miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa uhandisi wa maji hapo hapo mjini, na kutoka kwa mama yake amerithi pua peke yake. Mama ni kelele, binti ni kimya. Mama akisema maneno mia, binti hujibu kwa matatu, na hayo matatu yanachoma. Jumamosi hufanya kazi ya kuwatafsiria wanunuzi kwenye maduka ya nguo ya Guangyuan Xilu, akiwa na Murshid, Mtanzania mfanyabiashara ambaye amemzoea tangu utotoni na kumwita mjomba.

Alhamisi ya wiki ile ya uchaguzi walikuwa wote watatu mezani. "Jumamosi asubuhi tunakwenda pamoja," Mwanahija alisema akimpakulia binti yake. "Utavaa lile gauni la bluu."

"Siendi, mama."

"Huendi wapi? Si umejiandikisha?"

"Ulinishikisha simu ukaniambia bonyeza hapa."

Murshid akaingilia, maana mdomo wake nao haumkai. "Mwache mtoto, dada. Nchi gani ile? Umeme wa mgao, kazi hakuna, na mgeni akifungua kibanda wanakitia moto."

Alikuwa na haki ya kusema. Murshid aliwahi kuwa na duka la nguo Durban. Mchana mmoja likaja kundi la watu likipiga kelele kwamba wageni waondoke, na duka likateketea na kila kilichokuwamo. Alikimbia na kandambili mbili tofauti, moja yake na moja ya mteja. Kisa hicho hukisimulia kwa mbwembwe, na meza nzima hucheka mpaka machozi. Muzda peke yake hachekagi, wala alipokuwa mdogo hakucheka.

"Ile ni nchi changa," Mwanahija alisema. "Inajifunza."

"Changa? Miaka thelathini! Mimi ndani ya miaka thelathini nimeoa, nimeacha, nimeoa tena, na nina wajukuu."

"Na bado hujajifunza kunawa kabla ya pilau. Hebu nenda kanawe."

Murshid akaenda huku akicheka. Ndipo Muzda akasema polepole, bila hasira, "Babu alipiga kura ili ahesabiwe ni mtu. Sawa. Na mjomba Murshid siku ile Durban, yeye hakuwa mtu?"

Mwanahija akaweka upawa chini. Ilimuuma. Ilimuuma kwa sababu mtoto alisema kweli, na ikamuuma zaidi kwa sababu alikuwa na hamu moja tu, naye hakuwahi kumwambia mtu. Alitaka kusimama foleni na mwanawe kama alivyosimama na baba yake. Asipokwenda safari hii, alijiambia, hatakwenda tena. Akachukua sahani akaenda kuziosha kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa mchana ilikuwa hina ya Swalha. Swalha ni binti wa Unguja, muuza vitambaa, na Jumamosi jioni alikuwa anaolewa na Maulid wa kargo. Mwanahija ndiye aliyekuwa somo wake, kungwi wa kumwongoza, kwa hiyo chumba kizima kilikuwa chini ya amri yake, kuanzia udi mpaka nani akae wapi. Mchoraji alikuwa Mpemba mmoja mwenye mkono mwepesi, lakini piko lake, ile rangi nyeusi ya kuchorea, alikuwa amelinunua kwa muuzaji mpya. Swalha akaliangalia akarudisha mikono nyuma.

"Somo, binti ya ami yangu piko lilimbabua mpaka akatoka malengelenge. Nikiungua leo, kesho nitatokaje mbele za watu?"

"Nani kasema utaungua? Nijaribieni mimi kwanza."

Akatoa dole gumba la kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia alikuwa ameshikia mwiko. Mpemba akampaka ukucha wote na kipande cha ngozi juu yake, na Muzda akamulika kwa taa ya simu wasije wakaona vibaya. Wakangoja. Halikuwasha, halikuvimba, likatulia likawa jeusi tititi. Swalha akanyoosha mikono, wanawake wakapiga vigelegele, na Mwanahija hakubaki kuchorwa zaidi maana biriani lilikuwa linamwita jikoni.

Jumamosi asubuhi aliondoka peke yake. Alivaa lile vazi lake la sikukuu, akajipulizia manukato, akashuka ngazi. Laobani Chen akamuuliza anakwenda wapi amependeza hivyo. Neno la Kichina la kura Mwanahija alilijua nusu, ile nusu ambayo pia ndiyo tiketi.

"Piao!" akasema. "Nakwenda piao."

"Tiketi ya treni? Ya wapi?"

"Nanfei!" Yaani Afrika Kusini.

Laobani Chen alifikiri kidogo, kisha akamweleza kwa huruma kwamba treni ya kwenda Nanfei haipo, na kwamba kama kuna mtu kamuuzia tiketi hiyo basi kamtapeli. Mwanahija alicheka njia nzima ya Huanshi Zhonglu.

Ubalozi wa Afrika Kusini ulikuwa umekodi ukumbi wa hoteli moja karibu na hapo. Foleni ilitoka mpaka kwenye ngazi, na kuiona tu kulimfanya asahau hasira za wiki nzima. Walikuwamo walimu wa Kiingereza, wanafunzi, wafanyabiashara, mhandisi mmoja wa Kizungu mwenye masharubu meupe, weusi, machotara, Wahindi wa Durban, wamechanganyika kama mchele na choroko. Na wote walikuwa wanailaumu serikali yao kwa sauti moja. Yule mhandisi alikuwa akilalamikia umeme, na kijana mweusi nyuma yake akamwambia, baba, wewe huko kwenu unakatika, sisi maji pia. Mwanahija aliwasikiliza kwa furaha kubwa. Baba yake asingeamini kwamba Mzungu na mtu mweusi wangeweza kuwa na serikali moja ya kuilaumu.

Zamu yake ikafika. Pasipoti ikaangaliwa, kitambulisho kikaangaliwa, jina likaonekana. Karani msichana akachukua kalamu ya wino, ule usiofutika ambao kwao hupakwa kwenye dole gumba la kushoto ili mtu asirudi mara ya pili. "Mkono wa kushoto, mama."

Mwanahija akanyoosha mkono. Karani akabaki na kalamu hewani. Dole gumba lilikuwa jeusi tayari.

Mwanahija naye akalitazama. Tangu jana alikuwa amelitazama lile dole mara hamsini, akalipenda hata, na wazo la uchaguzi halikumjia kabisa. Karani akamwita msimamizi wa kituo, mwanamke mtulivu aitwaye Evaline. Wakala wa chama kimoja, kijana wa suti aitwaye Jeremiah, akasogea naye na kukunja uso.

"Huyu ameshapiga kura," Jeremiah alisema.

"Nimepigia wapi, mwanangu? Hii ni ya arusi!"

"Hina ya arusi naijua, mama," Evaline alisema kwa upole. "Hupakwa mikono yote miwili na huwa na maua. Hii ni ya dole moja. La kushoto."

Mwanahija alieleza habari ya Swalha, ya malengelenge ya binti ya ami, ya mwiko mkononi, na kadiri alivyoeleza ndivyo hadithi ilivyozidi kufanana na uongo. Mama mmoja wa Kihindi kutoka Durban akajitolea kusaidia. Akaja, akalinusa dole, akalitazama kwenye mwanga. "Mimi nimekulia kwenye hina," akatangaza. "Hina ni nyekundu. Hii siijui." Mwanahija akamshukuru kwa meno.

Kwenye orodha ya pale jina lake lilikuwa halijawekewa alama, hilo Evaline alilisema. Lakini Jeremiah naye akasema kuna miji mingine kura zilianza jana, na orodha za huko hapa hazipo. Evaline akafikiri, kisha akatoa uamuzi. Kama kuna mpiga kura mwingine wa kituo hiki aliyeona dole hilo likipakwa, aje aape mbele ya mawakala kabla hawajafunga.

Mwanahija akatoka kwenye ujia, akaanza kuwapitisha kichwani waliokuwa chumbani jana. Swalha, Mzanzibari, na tena mwari hatoki nje. Mchoraji, Mpemba. Wengine Watanga, Wangazija, mmoja wa Mombasa. Chumba kilijaa mashahidi na wote hawakuwa na maana. Mwenye pasipoti ya Sauzi alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeshika taa.

Akapiga simu. "Muzda, mama yako anaitwa mwizi wa kura."

Halafu akamweleza, na upande wa pili akasikia kitu ambacho hukisikia kwa nadra sana: Muzda anacheka. Anacheka mpaka anakohoa. "Nakuja," akasema alipopata pumzi. "Lakini nakuja kuapa, mama. Kupiga sipigi."

"Njoo uape tu."

Murshid ndiye aliyemleta, kwa pikipiki yake ya umeme, wakichomoka Guangyuan Xilu katikati ya wabeba marobota huku akipiga honi kama amebeba mjamzito. Pasipoti Muzda alikuwa nayo mkobani, maana Xiaobei hutembei bila pasipoti, polisi akikuuliza utasemaje. Murshid akaambiwa abaki nje kwa kuwa si raia. Akakaa kwenye ngazi na kofia ya pikipiki mapajani.

Muzda alisimama mbele ya meza akiwa na fulana ya kazini, akainua mkono. "Nilimshikia taa," alisema. "Bi harusi aliogopa piko litamuunguza, mama akasema nijaribieni mimi. Ndivyo alivyo. Ana makosa mengi, lakini kupiga kura mara mbili hawezi. Angekuwa ameshapiga jana, leo Guangzhou nzima ingejua amempa nani."

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, na Evaline akainamisha uso asionekane. Jeremiah naye akashindwa kujizuia. Akaondoa pingamizi lake, akamwomba radhi. "Nisamehe, mama. Kazi yangu ni kuangalia."

"Angalia, baba, angalia sana," Mwanahija alimjibu, na hakuwa anatania. "Zamani hakukuwa na aliyeruhusiwa kuangalia."

Wakampaka wino dole la kulia, akaenda nyuma ya kile kibanda cha boksi, akaweka alama yake, akafunga bahasha, akaitumbukiza. Alipogeuka, Muzda alikuwa bado pale mezani. Evaline alikuwa ameweka kidole kwenye orodha.

"Jina lako pia lipo," alikuwa akimwambia. "Umeshafika. Utapiga?"

Muzda akamtazama mama yake. Na hapa, mpenzi msomaji, ndipo mwanamke yule alipofanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya China. Maneno yalimjaa mdomoni, ya babu, ya Mazimbu, ya foleni na ya mbwa. Akayameza yote. Akatazama dari ya hoteli kana kwamba amekuja kuikagua.

"Nikipiga," Muzda akamuuliza Evaline, "kuna mtu atajua nimemchagua nani?"

"Hakuna."

"Hata mama?"

Evaline akamtupia Mwanahija jicho. "Hata mama."

Muzda akanyoosha mkono wa kushoto. Alikaa nyuma ya kile kibanda muda mrefu, akisoma karatasi yote kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Mwanahija alisimama mlangoni akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na mama wa Kihindi aliyelinusa dole akamkumbatia bila kuuliza chochote.

Nje Murshid akasimama. "Eh, mwanangu, umepiga? Umempa nani?"

"Siri, mjomba."

"Mwambie mama basi," Mwanahija akasema. "Chama cha babu?"

"Siri, mama."

"Mimi niliyekuzaa?"

"Mama!" Halafu akamgeukia Murshid, akaongea taratibu. "Nilisoma majina yote. Nikawa namtafuta asiyewatukana wageni ili apate kura. Nimepiga kwa sababu yako."

Murshid akaigeukia pikipiki yake. Akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake. "Sisi kwetu ukitoka nje ya nchi kura unaiacha nyumbani," akasema mwishowe. "Basi leo na mimi nimepigiwa. Tena Sauzi." Akavaa kofia haraka, ingawa pikipiki ilikuwa bado haijawashwa.

Jioni ile ukumbi wa arusi ulifurika. Habari ya dole gumba ilikuwa imefika kabla ya maharusi, na kila mwanamke alitaka kuliona, bi harusi akiwa wa kwanza, akicheka na kuomba msamaha kwa pamoja. Mwanahija alilionyesha meza kwa meza, na kisa kikaongezeka urefu kila kilipohama. Mwisho Mpemba yule mchoraji akauliza walichokuwa wanakingoja wote.

"Na Muzda je, kampa nani?"

"Sijui," Mwanahija akasema.

Wakacheka. Wakamwambia asiwazuge, yeye anayejua mpaka mimba za wiki moja, ashindwe kujua ya bintiye wa kumzaa?

"Nawaambieni sijui. Nimemuuliza, nimembembeleza, nimemtishia, kakataa kuniambia." Akaangalia upande wa pili wa ukumbi, Muzda alikokuwa akimsaidia Murshid kugawa soda, kisha akakaa wima kwenye kiti chake kama mama ambaye jina la mwanawe limesomwa la kwanza. "Kaniambia ni siri yake. Na kweli ni yake."